Mtaalamu wa Mtoto Akija Mara Moja kwa Mwezi: Somo kwa Wazazi na Walezi

Siku ya kliniki ya watoto wenye ulemavu, veranda ya zahanati hujaa mapema, kabla jua halijawa kali. Kina mama wameketi kwenye mabenchi, wengine kwenye leso chini, watoto wamebebwa mgongoni au kupakatwa. Wapo waliopanda bodaboda kutoka vijiji vya ndani, na wapo waliotembea. Wote wanamsubiri mtu mmoja: mtaalamu wa tiba ya kazi kwa watoto, ambaye leo yuko hapa, kesho yuko wadi nyingine, na pengine baada ya miezi michache atahamishwa kabisa.

Wataalamu wa namna hii ni wachache, na wengi wao wako hospitali kubwa za mijini. Ndiyo maana katika miji ya Pwani kama Malindi na Kilifi, na zaidi katika vijiji vya ndani, mara nyingi mtoto humwona mtaalamu anayesafiri. Akija mara moja kwa mwezi na kukaa na mtoto wako dakika 40, hiyo ni bahati nzuri. Lakini hebu tupige hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ukitoa zile dakika 40, zinabaki saa 719 na dakika 20. Saa hizo zote mtoto yuko nawe.

Somo la leo linatokana na hesabu hiyo. Dakika 40 za mtaalamu peke yake hazitamfundisha mtoto kukaa, kula au kuvaa. Kazi kubwa ya mtaalamu ni kukufundisha wewe, na kazi yako ni kurudi nyumbani na jambo moja au mawili unayoweza kuyafanya kila siku. Tutaeleza namna ya kuzitumia vizuri dakika hizo, na la kufanya katika saa zinazobaki.

TIBA YA KAZI NI NINI?

Wengi wetu huiita "mazoezi" au "therapi". Jina "tiba ya kazi" huwachanganya watu, kwa kuwa mtoto wa miaka 2 hana kazi. Kumbe anazo kazi nyingi: kula, kunyonya, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kucheza na wenzake, na baadaye kushika penseli. Mtaalamu wa tiba ya kazi huangalia kazi hizo za kila siku na kuuliza: ni ipi imemshinda mtoto huyu, kwa nini, na tufanye nini aiweze yote au sehemu yake?

Mtaalamu wa viungo, yaani fiziotherapia, huangalia zaidi misuli, mifupa na namna mwili unavyosogea. Wawili hawa hushirikiana, na mtoto mmoja anaweza kuwahitaji wote.

Watoto wanaofaidika ni wengi: mwenye mtindio wa ubongo, mwenye usonji, mwenye Down sindromu, aliyezaliwa na mgongo wazi, aliyeungua moto na mkono ukakunjamana, na mtoto anayechelewa tu katika hatua za ukuaji bila sababu kujulikana bado.

Mtindio wa ubongo hausababishwi na laana, wala mama kukanyaga kitu kibaya, wala majini. Ni ubongo unaoumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Miongoni mwa sababu zake ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, umanjano mkali wa kichanga usiotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, na malaria inayopanda kichwani. Kwa hiyo kujifungulia kituo cha afya, kumpa mtoto chanjo zote, na kukimbilia hospitali mara macho au ngozi ya kichanga inapogeuka manjano ni kinga.

NANI APELEKWE, NA LINI?

Usingoje mtoto afike umri wa kwenda shule. Fungua kijitabu chako cha mama na mtoto. Ndani yake mna hatua za ukuaji. Mpeleke mtoto kituo cha afya akaangaliwe ukiona mojawapo ya haya:

• Ana miezi 4 na shingo bado haijakaza.
• Amefika miezi 9 na hajaweza kukaa bila kushikwa.
• Amefika miezi 18 na hajaanza kutembea.
• Kabla ya mwaka mmoja anatumia mkono mmoja tu, na mwingine ameufunga ngumi muda wote.
• Mwili umekakamaa, miguu inapishana kama mkasi, au kinyume chake, amelegea kama leso.
• Anapaliwa au kukohoa karibu kila anapolishwa.
• Alikuwa akiweza jambo, kama kusema au kukaa, kisha akaacha.

Majirani watakuambia, "Mwache, hata babake alichelewa." Wanakutakia mema, na pengine ni kweli. Lakini kuangaliwa hakumdhuru mtoto, ilhali kuchelewa kunadhuru. Ubongo wa mtoto mchanga hujifunza upesi, na viungo vikikaa vimekunjika miaka mingi huwa vigumu kunyooshwa.

KABLA YA SIKU YA KLINIKI

Dakika 40 huisha haraka mtaalamu akianza kutafuta habari ambazo mzazi angekuja nazo. Beba vitu hivi:

1. Kijitabu cha mama na mtoto na karatasi zozote za hospitali.
2. Dawa anazotumia, hasa za kifafa. Usimkatishe dawa kwa sababu ya safari.
3. Kijiko, kikombe na chakula anachokula nyumbani. Mtaalamu anataka kuona mtoto akila kama anavyokula kwako.
4. Daftari la kurasa chache. Hili tutalirudia.
5. Jambo moja unalolitaka zaidi. Usiseme tu "nataka apone". Sema, "Nataka aweze kukaa nikipika," au "Nataka aache kupaliwa."

Kama unaweza, njoo na mtu mwingine anayemlea mtoto: nyanya, baba, dada mkubwa, shangazi. Mama akiugua au akienda shambani, lazima awepo mwingine aliyeona kwa macho yake.

MFANO: CHAKULA CHA JIONI

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 3 mwenye mtindio wa ubongo. Anaishi na mamake na nyanyake. Kila jioni nyanya humpakata, humlaza chali mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma, kisha humtilia uji mwepesi mdomoni. Mlo huchukua saa nzima. Mtoto hukohoa, hulia, hutapika. Kila baada ya muda mfupi hupelekwa zahanati kwa kifua.

Mtaalamu anaomba kuona.

"Daktari, nikimlaza hivi ndipo chakula huingia," nyanya anasema.

"Ni kweli, nyanya, kinaingia. Hebu tuangalie kinaingia wapi."

Hapo ndipo somo lilipo. Kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa huwa wazi, na uji huteremka wenyewe kabla mtoto hajawa tayari kumeza. Sehemu yake huenda mapafuni. Kile kifua cha mara kwa mara huenda kinaletwa na mlo wenyewe, wala si baridi. Nyanya hakukosea kwa kutojali. Alikuwa akifanya kile alichoona kinasaidia. Kwa hiyo mtaalamu hamgombezi. Anamwonyesha namna nyingine, kisha anampa kijiko yeye mwenyewe ajaribu palepale:

• Mkalishe mtoto wima mapajani au kwenye kiti, nyonga na magoti yamekunjwa, mgongo umeegemea kitu.
• Kichwa kiwe katikati, kidevu kimeinama mbele kidogo.
• Kaa mbele yake, uso wako usawa na uso wake. Ukimlisha ukiwa umesimama, atainua kichwa kukutazama.
• Uji uwe mzito kidogo, unaodondoka polepole kwenye kijiko. Ndizi, papai au viazi vilivyopondwa hufaa. Tui la nazi huongeza nguvu kwenye chakula cha mtoto anayekula kidogo. Samaki achambuliwe vizuri asibaki mwiba.
• Kijiko kiwe kidogo na kisiwe na ncha kali. Kiguse sehemu ya mbele ya ulimi, kisha subiri afunge mdomo mwenyewe. Usikwangue chakula kwenye meno ya juu.
• Ngoja ameze ndipo uongeze.
• Akimaliza, abaki wima kama nusu saa, asilazwe papo hapo.

Katika mfano huu hakuna kifaa kilichonunuliwa. Kilichobadilika ni namna ya kukaa. Ukihesabu milo 3 kwa siku, kwa mwezi ni milo 90. Huyu mtoto amepata vipindi 90 vya tiba, na nyanya ndiye aliyevitoa.

Tahadhari: mtoto akibadilika rangi anapokula, sauti yake ikiwa kama yenye maji baada ya kumeza, akipata kichomi mara kwa mara, au uzito ukishuka, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali.

KUBEBA, KUKAA NA KULALA

Mtoto asiyejiweza mara nyingi hulazwa mkekani kutwa nzima, akitazama makuti. Hapo hajifunzi kitu, na viungo vyake hukakamaa katika hali ileile. Badilisha mkao wake mara kwa mara, angalau kila saa 2 akiwa macho.

Kubeba kwa leso mgongoni, miguu ikiwa imetanuka kiunoni mwa mama, ni mkao mzuri kwa mtoto ambaye miguu yake hupishana. Mila yetu hapa inaenda sambamba na tiba. Lakini mtoto akiwa mzito, mama naye ana mgongo. Muulize mtaalamu njia nyingine.

Kwa kukaa, nyumba ya Pwani ina vifaa vyake. Pembe ya ukuta yenye mito pande mbili humzuia mtoto asianguke. Palipo na mchanga safi, chimba kichimbwe kifupi kivulini, cha kutosha makalio, ukuta wa mchanga umshike kiuno na mgongo. Atakaa mikono ikiwa huru kuchezea. Mtu mzima awe karibu, na angalia mchanga usiwe wa moto.

Kuna pia viti vinavyotengenezwa kwa karatasi na katoni kuukuu, zikigandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano. Zikikauka sawasawa huwa ngumu kama ubao. Ufundi huu ulitokea Zimbabwe na sasa unajulikana katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Hapa kwetu adui wake ni unyevu: kiti kikaushwe kabisa, kipakwe vanishi, na kisinyeshewe. Jaribu kukitengeneza wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, kuliko wakati wa masika. Vipimo vichukuliwe na mtaalamu, kwa kuwa kiti kisichomtosha mtoto kinaweza kumharibu mgongo.

JOTO LA PWANI NA VIFAA

Mtaalamu aliyezoea Nairobi au Nyandarua akifika kwetu, jambo la kwanza atakalojifunza ni jua. Wenyeji wenyewe tukumbushane:

• Fanya mazoezi asubuhi mapema au jioni. Mtoto mwenye misuli iliyokakamaa hutoka jasho jingi hata akiwa ametulia.
• Mpe maji mara kwa mara, kidogo kidogo. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kukuambia ana kiu. Mkojo mchache wa rangi nzito ni dalili.
• Homa na joto kali vinaweza kuchochea kifafa. Tumia chandarua, na mtoto akichemka apimwe malaria bila kuchelewa.
• Gango la mkono, yaani kile kifaa cha plastiki kinachoshikilia kiganja kisikunjamane, hutengenezwa kwa kulainishwa katika maji ya moto ya nyuzi 65 hadi 70 hivi. Maana yake ni kwamba linaweza kulainika tena. Ukiliacha juani juu ya bati, karibu na jiko au ndani ya gari lililofungwa, huenda ukalikuta limepinda. Lioshe kwa sabuni na maji baridi, ulikaushe kivulini.
• Chini ya gango ngozi hutoka jasho na kuchubuka. Lifungue kwa saa ulizoelekezwa, uikague ngozi. Alama nyekundu isiyoondoka ndani ya nusu saa ni onyo: usilirudishe mpaka mtaalamu alitazame.

KAZI ZA NYUMBANI NDIYO TIBA YENYEWE

Wazazi wengi huuliza, "Vifaa vya mazoezi tutapata wapi?" Angalia jikoni na uani kwako.

Kifuu cha nazi ni kikombe cha kuchotea mchanga na maji. Mtoto hujifunza kukunja kiganja na kukigeuza. Makopo yaliyosafishwa, yasiyo na makali, ni ngoma na mnara wa kupanga. Donge la unga wa chapati humtia nguvu vidoleni. Komwe za bao, zikiokotwa moja moja na kutiwa shimoni, hufundisha kidole gumba na cha shahada kufanya kazi pamoja. Zisipewe mtoto wa chini ya miaka 3 wala anayetia kila kitu mdomoni, kwani zinaweza kumkaba. Mtoto mkubwa zaidi anaweza kufundishwa kusuka ukili, kazi inayodai mikono miwili isikilizane. Kuchambua mchicha, kumenya ndizi na kukamua nguo ndogo pia ni mazoezi.

Kuvaa nako kuna siri moja ndogo. Kama mkono mmoja ni dhaifu au umekakamaa, wakati wa kuvaa anza na mkono huo. Wakati wa kuvua, umalizie huo. Utaona shati linaingia bila vita. Kisha mwachie mtoto hatua ya mwisho aifanye mwenyewe: wewe pitisha kichwa na mikono, yeye aivute chini. Akiiweza hiyo, mwachie hatua mbili. Usimfanyie yote kwa kuwa unaona anachelewa. Asubuhi ya shule ina haraka, lakini Jumamosi ipo.

Kwa mwanafunzi, penseli nyembamba inaweza kunenepeshwa kwa kuizungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Miguu ikining'inia kwenye dawati, wekea tofali au ubao chini. Mwili ukitulia, mkono nao hutulia. Mweleze mwalimu, maana yeye ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi za mchana.

MTAALAMU MGENI NAYE ANA LA KUJIFUNZA

Mtaalamu anayetumwa mji mgeni kwa muda hufika na elimu, lakini hajui njia zetu. Mkimsaidia, mtoto ndiye atakayenufaika.

Mwambieni lugha ya nyumbani. Mtoto anayesikia Kigiriama, Kidigo au Kipokomo kutwa nzima anaweza kuonekana haelewi, kumbe haelewi Kiswahili sanifu cha daktari. Mwambieni siku za soko, saa za swala, mwezi wa Ramadhani, na majira ambayo barabara hukatika kwa mvua ili asipange kliniki siku hizo. Nyumba ambayo mwanamume mgeni haingii bila mwenyewe kuwapo, semeni mapema; njia itapatikana, kama vile kufuatana na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho.

Nanyi mna haki ya kumtarajia mambo haya: aombe ruhusa kabla ya kumgusa mtoto, azungumze nanyi, si kuandika tu, asiwaagize kifaa msichoweza kukipata, asimpige mtoto picha bila idhini yenu, na asiahidi uponyaji. Mtaalamu wa kweli hasemi "baada ya miezi 3 atatembea". Husema, "Tuanze na kukaa dakika 5 bila kushikwa, tuone."

Akikupa mazoezi 12 ya kufanya kila siku, mwambie waziwazi, "Daktari, nina watoto wanne na shamba. Nichagulie mawili." Mtaalamu mzuri hatakasirika. Mawili yanayofanywa yana faida kuliko 12 yaliyoandikwa tu.

Fahamu pia kwamba tangu mwaka 2017 Kenya ina sheria maalumu inayosimamia mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wa tiba ya kazi. Mtu yeyote anayekuja kijijini akidai fedha kwa "matibabu ya watoto walemavu" unaweza kumwomba leseni. Mwenye leseni haoni haya kuionyesha.

MTAALAMU AKIHAMA

Hili ndilo huwaumiza wazazi zaidi. Mtoto ameanza kuzoea sura na sauti ya mtu, mama amepata wa kumwelewa, kisha muda wa kazi unakwisha. Mwezi unaofuata anakuja mwingine, au hakuna anayekuja. Mama anaanza upya kueleza habari zote kuanzia siku ya kujifungua. Wengine huchoka, wakaacha kabisa kliniki.

Dawa yake ni lile daftari. Kila baada ya kliniki, mwombe mtaalamu aandike kwa Kiswahili chepesi:

1. Leo tumeona nini: mtoto anaweza nini, na nini bado.
2. Jambo la kufanya nyumbani, mara ngapi, na namna gani. Mchoro mdogo husaidia asiyesoma.
3. Dalili za kuacha zoezi na kwenda hospitali.
4. Tarehe ya kurudi, na kituo cha kuuliza kama hatakuwepo.

Wewe nawe andika, au mwambie mtoto wa shule akuandikie: "Jumatatu alikula bila kukohoa." "Alikaa mpaka nikamaliza kusonga ugali." Mtaalamu mpya akisoma kurasa hizo, hatapoteza dakika zake 40 kwa kuuliza upya. Ataanzia pale mlipofika. Na siku ambayo unaona hakuna kinachobadilika, rudi nyuma ukasome ukurasa wa kwanza.

Wazazi walio katika wadi moja pia wakutane baina ya kliniki. Mama ambaye mtoto wake ameacha kupaliwa ni mwalimu tosha kwa mama aliyeanza jana. Mkutano huo hauhitaji mtaalamu. Unahitaji kivuli, mkeka na wazazi wanaojuana.

HAKI ZA MTOTO NA MAHALI PA KWENDA

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinasema kila mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, kupata elimu, na kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Mtoto aliyefichwa chumbani wageni wakija amenyimwa haki hizo, hata kama wenyewe tunaona tunamlinda dhidi ya maneno ya watu.

Anza hapa:

• Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mwambie una mtoto anayehitaji kuangaliwa. Atakuelekeza zahanati na siku ya kliniki.
• Hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti. Uliza idara ya tiba ya kazi na ya fiziotherapia. Uliza pia ni hospitali gani inayofanya tathmini ya ulemavu kwa ajili ya usajili.
• Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baada ya tathmini, mtoto husajiliwa na kupewa kadi. Kwa usajili huo unaweza kuomba msaada kama wa kiti cha magurudumu.
• Ofisi ya maendeleo ya jamii na chifu. Ulizia mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa.
• Kituo cha tathmini ya elimu, ambacho wengi hukijua kwa jina EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984. Huko mtoto hupimwa na kuelekezwa shule inayomfaa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KWENYE KIKUNDI

1. Katika nyumba yetu, nani hasa humlisha mtoto, na humkalisha vipi? Je, mtu huyo amewahi kufika kliniki?
2. Ni kazi gani moja ambayo mtoto anaweza kufanya sehemu yake, lakini tunamfanyia yote?
3. Mtaalamu akihama kesho, mgeni atakayefuata atajuaje tulipofika?
4. Ni mtoto gani kijijini ambaye hatujamwona muda mrefu, na nani kati yetu ataenda kubisha hodi?

Swali la mwisho ni la kila mkazi, hata asiye na mtoto mwenye ulemavu. Siku ya kliniki ijayo, kabla ya kupanda bodaboda, pitia nyumba hiyo umwambie mama mwenzio tarehe. Mkifika pamoja, benchi la veranda litawatosha.